Uga

"Geti la pili, salama."
Hivyo husema Nandonde kila robo saa,
redio ya upepo mdomoni, kidole kwenye kitufe,
chini huko ugani, jengo letu la Kijitonyama,
kati ya bodaboda mbili na jenereta bovu.
Na kila akisema salama
huku ghorofa ya tatu moyo unaruka.

Moyo wa mwanasesere, nisikutishe.
Tulimnunua Kariakoo, mtaa wa Kongo,
tukampasua kifua, tukamtia mota ndogo
ipige mia na arobaini kwa dakika, kama ya kichanga,
tukijaribie kipimo chetu
kinachosikiliza mtoto bila kumgusa.
Mia na arobaini. Mia na arobaini na moja. Mia na arobaini.
Salama —
mia mbili na saba.

Nililaumu lehemu ya Tumsifu,
nikayeyusha viungo vyake vyote, nikaunga upya, akanuna.
Nikalaumu TANESCO, nikahamia betri.
Nikalaumu hesabu zangu mwenyewe
usiku wa manane, mbu wakinisaidia kujumlisha.
Kisha Alhamisi Nandonde akaenda msibani Mbagala
na siku nzima moyo ukatulia kama maji ya mtungi.
Ijumaa akarudi. Salama.
Mia mbili na saba.

Nikashuka ngazi na kandambili.
"Baba, simamisha antena. Sema."
Tumsifu dirishani: "Mia mbili!"
"Ilaze sasa, kama fimbo ya kwapani. Sema."
"Mia na hamsini na tano!"
Nandonde akaigeuza redio, akaikagua tumbo na mgongo.
"Kwani waya wangu umegusa wapi?"

Haujagusa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.
Juu pana ukanda wa shaba, upana wa punje ya mchele.
Chini pana bamba la shaba; tunaliita ardhi.
Katikati kihami, milimita moja na nusu,
kimo cha kitu ambacho wewe ungekiita hakuna.
Ndimo linamoingia wimbi.
Uga wa umeme husimama mwanyani humo, mgeni asiyeketi;
uga wa sumaku hupenya kitanzi cha ukanda na ardhi,
na kitanzi, hata kiwe chembamba, ni kitanzi.
Nikaandika nyuma ya risiti ya duka la vipuri:

  Wimbi lapita upande, halibishi mlangoni,
  Lapanda punje, nipende nisipende, ukandani,
  Nyingine mbele ziende, nyingine hadi mwanzoni,
  Zikipatana zipande, zikigombana, sioni.

"Uga?" Nandonde akacheka. "Uga ninaoulinda mimi?"
Huohuo, baba.
Unakaa langoni kuzuia watu wasiingie ugani
na uga wenyewe umeshapanda ghorofani.

Tukaagiza bodi nyembamba, robo ya milimita:
dari ikishuka, mgeni hukosa pa kusimama.
Ncha iliyokuwa wazi tukaifunga kwa omu hamsini
ili kinachofika kifie hapo, kisirudi na mwangwi wake.
Tumsifu akakata kopo la maziwa ya unga,
akalikunja likawa paa,
akaliunga na ardhi pande zote nne,
maandishi ya "miezi sita na kuendelea" yakabaki juu.

Saa tisa na robo alasiri.
Najua amesogeza kofia. Najua amebonyeza.
"Geti la pili, salama."
Mia na arobaini.
Mia na arobaini.
Mia na arobaini na mbili.

Tumsifu keshapiga kelele, keshampigia simu mama yake.
Mimi nimeikodolea macho ile mbili.
Robo saa ijayo
nitamwomba aseme tena.